Nyaya za mita zinaruka namba: ni chumvi, ni plagi, au ni maungio?

“Asalaam alaykum fundi. Nina kibanda cha kutengeneza simu na redio Langoni, Lamu, na mara nyingine naitwa kwenye mashua au kwenye sola za watu Matondoni na Kipungani. Nyaya za mita yangu ya kupimia volti na ukinzani hazidumu. Baada ya miezi michache namba zinaanza kuruka. Nikizipinda zinatulia, nikiachia zinaruka tena. Lakini nikizijaribu kwa mlio zinalia, kwa hiyo sioni shida iko wapi. Tena simu nikiiwasha kwa pawasaplai, kile kifaa cha mezani cha kutoa umeme, kupitia klipu za mamba inaonyesha nembo kisha inajizima, ilhali nikiitia betri nzima inawaka. Mwenzangu anasema ni chumvi ya bahari, ninunue plagi zilizochovywa dhahabu na waya mnene. Mimi nataka kujitengenezea nyaya za kazi zote, hata za kupimia stima ya nyumba. Ninunue nini, na niziunge vipi?”

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Namba zinazoruka na simu inayojizima ni ugonjwa mmoja, na nitakuonyesha unavyoweza kuushika kwa mkono wako hapo hapo mezani. Kuhusu kujitengenezea nyaya, nakuunga mkono kwa kazi zote za kibandani na nyingi za sola. Za stima ya nyumba usitengeneze. Hilo nitalieleza likifika mahali pake, maana hapo tunazungumzia uhai wako, si ubora wa vipimo.

Kwanza ule mlio. Mlio wa mita hausemi kwamba waya ni mzima. Unasema njia haijakatika kabisa, basi. Mita nyingi hulia ukinzani ukiwa chini ya omu 30 au hata 50. Waya unaweza kuwa umebakiwa na nyuzi mbili tu za shaba shingoni, una omu tano, na bado ukalia vizuri. Kwa hiyo achana na mlio. Weka mita kwenye omu, kipimo cha chini kabisa, gusanisha ncha mbili za probu, vile vijiti vya kupimia, na uzikaze. Nyaya nzima husoma karibu omu 0.1 hadi 0.3, na namba inakaa. Sasa mwombe mtu akushikie zile ncha, nawe upinde waya polepole, kwanza pale unapotoka kwenye plagi, halafu pale unapoingia kwenye mpini wa probu. Naamini namba itaruka kwenye mojawapo ya shingo hizo mbili. Katikati ya waya ni nadra sana.

Sababu yake ni kwamba waya laini, popote unapoingia kwenye kitu kigumu, hujipinda mahali pamoja kila siku. Kamba ya tanga nayo haikatiki katikati, hukatika pale inaposuguana. Nyuzi za shaba huchoka, zinakatika mmoja mmoja ndani ya ganda, na kwa nje huoni kitu. Ukiupinda waya, ncha zilizokatika zinagusana na namba inatulia. Ukiachia zinaachana. Ndiyo ile unayoiona.

Mwenzako hakukosea kuitaja chumvi, ila ameiweka mahali pasipo pake. Hewa ya Lamu ina chumvi mwaka mzima, na kusi ikivuma inatua kwenye kila kitu kilicho wazi. Chumvi huvuta unyevu hewani, inabaki tabaka jembamba la maji ya chumvi juu ya chuma hata siku isiyo na mvua. Pale ganda lilipochunwa au kupasuka, maji hayo hupanda ndani ya waya katikati ya nyuzi, sentimita nyingi kupita pale unapoona. Chuna waya wa zamani utaona: nyuzi zimekuwa nyeusi, mahali pengine kijani, na lehemu haizishiki hata uzichome vipi. Tena metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, moja huliwa na nyenzake. Klipu ya chuma iliyobana waya wa shaba huliwa pale pale zinapogusana, mahali hasa unapotaka mkondo upite. Kwa hiyo chumvi inaingilia kwenye maungio, na kinga yako iwe hapo.

Dhahabu je? Dhahabu yenyewe haishiki kutu, hilo ni kweli. Lakini plagi za bei nafuu hupakwa dhahabu nyembamba mno, yenye matundu yasiyoonekana kwa jicho. Chumvi hupenya kwenye matundu hayo na kula shaba au nikeli iliyo chini. Na hata dhahabu ikiwa nzuri, soketi ya mita yako si ya dhahabu, basi umekutanisha metali mbili tofauti kwenye hewa mbaya. Mimi kwa pwani huchagua plagi nzuri iliyochovywa nikeli. Kinachonihusu zaidi ni springi. Vitu viwili vya chuma vikigusana, hata vikionekana laini, hugusana kwenye vilele vichache vidogo tu, na mkondo wote hupita hapo. Nguvu ya kubana ndiyo inayoongeza vilele hivyo na kuvunja utando wa kutu. Plagi ya banana ya milimita 4 iliyo nzuri ina springi inayozunguka pande zote na kutuna katikati, na ukiichomeka unahisi inashika. Zile zenye vipande viwili vitatu vya bati vinavyojilaza baada ya wiki chache, usizinunue hata ziwe zinang’aa.

Na tafadhali usikwaruze plagi kwa msasa au wembe. Najua wengi hufanya hivyo, na kweli siku hiyo inapona. Lakini umeondoa nikeli, umebakisha shaba ya njano wazi, na mwezi ujao hali ni mbaya kuliko mwanzo. Tumia kitambaa na ile alkoholi ya isopropili mnayosafishia bodi za simu. Ikiwa imeshakula mpaka ndani, ibadilishe.

Waya mnene nao una mahali pake, ila si kwenye kupima volti. Mita ya dijitali kwenye volti huwa na ukinzani wa ndani wa kiasi cha omu milioni 10. Hata nyaya zako zikiwa na omu moja nzima, kosa linalotokea ni sehemu moja kwa milioni kumi. Mita haiwezi hata kuliona. Waya mnene mgumu hapo unakuletea hasara tu: unavuta bodi ndogo huku na huko, na unavunjika shingo mapema zaidi. Unene unahitajika pale mkondo mkubwa unapopita, na hapo tunaingia kwenye simu yako.

Simu ikianza kuwaka huvuta mkondo kwa mshtuko, ampea 1 na nusu au 2 kwa sekunde chache. Zile klipu za mamba za rangi rangi zinazouzwa kwa mafungu zina waya mwembamba mno ndani ya ganda nene, na mara nyingi waya haukulehemiwa kabisa, umekunjiwa tu chini ya masikio ya klipu. Tuseme kila mmoja una omu 0.3, jambo la kawaida kabisa kwa nyaya hizo. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni omu 0.6. Kwa ampea 1.5 unapoteza volti 0.9 njiani. Pawasaplai inaonyesha 4.0 kwenye kioo chake, nawe unaamini, kumbe simu inapata 3.1. Simu huona betri imekwisha na kujizima. Bodi yako haina ubaya, na huenda umewahi kubadilisha aisii ya pawa, ile chipu inayogawa umeme kwenye bodi, bure kwa ajili ya waya.

Unaweza kuhakikisha leo. Chukua nyaya zako mbili za klipu, chomeka kwenye pawasaplai, umanisha klipu moja na nyingine, kisha weka kikomo cha mkondo kwenye ampea 1 na volti 2 au 3. Ni shoti, lakini umeidhibiti. Sasa chukua mita, iweke kwenye milivolti, na upime kutoka kwenye chuma cha plagi mpaka kwenye meno ya klipu ya waya huo huo. Kwa kuwa mkondo ni ampea 1, kila milivolti unayosoma ni omu 0.001. Ukisoma 300, waya una omu 0.3. Uzuri wa njia hii ni kwamba nyaya za mita haziingii kwenye hesabu, kwa sababu mkondo hauzipitii. Mita za omu za kawaida haziwezi kupima kiasi kidogo hivyo kwa uhakika. Halafu tembeza probu: plagi mpaka waya, mwanzo wa waya mpaka mwisho wake, mwisho wa waya mpaka meno. Mara nyingi utakuta milivolti 40 au 50 kwenye waya wote, halafu ghafla 200 kwenye nusu sentimita ile ambapo waya umekunjiwa klipuni. Tikisa klipu huku ukitazama namba. Ukishaiona mara moja kwa macho, hutanunua nyaya hizo tena bila kuzilehemu upya.

Sasa ununuzi wa waya. Kwa pawasaplai na kazi za mezani tafuta waya wa silikoni wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, unene wa milimita za mraba 0.75. Ni ule unaouzwa kwa betri za drone na magari ya kuchezea, na wauzaji wengi huuita namba 18. Ndani una nyuzi 150 hivi, ndiyo sababu unalala mezani kama uzi. Pasi ya kulehemu ikiugusa hauyeyuki, tofauti na ganda la PVC. Ubati juu ya shaba unauchelewesha weusi ule wa chumvi. Ubaya wake ni kwamba silikoni hukatwa kirahisi na kona kali ya bati, kwa hiyo uukague. Sentimita 60 kwa kila upande zinatosha. Kwenda na kurudi ni mita 1.2, ambayo ni kama omu 0.03 tu. Kwa mita ya kupima volti, waya wa 0.5 unatosha kabisa.

Jihadhari sana na waya wa alumini uliopakwa shaba. Umejaa madukani, una ukinzani wa takriban mara moja na nusu ya shaba halisi, unavunjika ukipindwa, na kwa chumvi ya Lamu alumini huliwa ikageuka unga mweupe. Kwarua uzi mmoja kwa wembe: shaba iliyopakwa bati itaonyesha wekundu chini ya weupe, na alumini iliyopakwa shaba itaonyesha weupe chini ya wekundu. Ukibaki na shaka, tia uzi mmoja mwembamba kwenye moto wa kibiriti cha gesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, nayo hulegea na kudondoka. Shaba, inayoyeyuka kwenye 1,085, hugeuka nyekundu na kubaki imesimama. Beba sumaku pia. Waya ukinata kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa, urudishe.

Kuunga klipu ya mamba hakuna haraka. Mpira wa klipu uutie kwenye waya kwanza, pamoja na vipande viwili vya hitishrinki, ule mrija unaojibana ukipata joto. Chuna milimita 6 tu. Safisha klipu kwa alkoholi, paka fluksi ya rozini, ile dawa inayosaidia lehemu kushika, na upashe joto klipu yenyewe mpaka lehemu itiririke juu yake. Klipu ni chuma na hunywa joto, pasi ndogo ya bodi za simu haitoshi. Fluksi ya tindikali ya mafundi wa mabati usiiguse, kwani inabaki ndani na kula waya hata baada ya kazi kwisha. Waya ukishashika, kunja masikio ya klipu juu ya ganda la waya, si juu ya shaba iliyo wazi, ili mvuto wote ubebwe na ganda. Lehemu ikipanda juu ndani ya nyuzi, waya hugeuka kijiti kigumu, na pale ugumu unapoishia ndipo utakapokatikia. Kwa hiyo mrija wa kwanza, wenye gundi ndani, ufunike kiungo na uendelee sentimita mbili juu ya ganda. Wa pili mrefu zaidi upite juu yake. Hapo unapata shingo inayopinda kidogo kidogo, na gundi imefungia chumvi nje. Kwa plagi ya banana fanya vile vile.

Ukinunua plagi ya skrubu, usitie lehemu kwenye waya kabla ya kuubana. Lehemu ni laini. Ikikaa chini ya mgandamizo inajisogeza polepole, na baada ya wiki kadhaa skrubu imelegea yenyewe. Kunja shaba kavu, au uivike kimrija cha shaba kinachobanwa kwa koleo lake, kisha kaza.

Kwa bodi za simu, ncha kali ni bora kununuliwa. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuvika mrija mwembamba juu ya ncha ukabakisha milimita moja au mbili, maana probu ikiteleza kati ya pini mbili za chaji, shoti moja inatosha kuua bodi ya mteja. Na kama una osilaskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, nyaya zake usizitengeneze. Zile probu zina ukinzani na kapasita zilizopimwa ndani yake. Waya wa kujiungia utakuonyesha mawimbi ambayo hayapo.

Kwenye sola, tengeneza jozi moja yenye viunganishi vya MC4, vile vya nyaya za paneli, upande mmoja na plagi za banana upande wa pili, kwa waya wa sola wa milimita za mraba 4. MC4 hubanwa kwa koleo lake maalumu, hailehemiwi, na haichanganywi kampuni mbili tofauti hata zikiingiana, kwa kuwa vipimo vya ndani havilingani na mahali pale huchemka. Paneli moja ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 hutoa karibu volti 22 ikiwa haina mzigo, na ampea 6 hivi ukiipiga shoti kupitia mita. Soma maandishi kwenye soketi ya ampea ya mita yako. Nyingi huruhusu ampea 10 kwa sekunde chache tu. Na usichomoe kiunganishi mkondo ukiwa unapita. Umeme wa paneli haukatiki wenyewe kama wa stima unaorudi sifuri mara 100 kila sekunde. Ukiachanisha unawaka cheche inayoendelea na kuyeyusha plastiki. Funika paneli kwa turubai kwanza. Paneli zikiunganishwa kwa mfululizo, volti zinajumlishwa, na zikipita 60 zichukulie kwa hadhari ile ile ya stima.

Betri ya mashua nayo ina hatari yake. Volti 12 hazikurushi, lakini shoti ya betri hutoa mamia ya ampea na waya hushika moto mkononi kabla hujaachia. Waya wako mwekundu wa kupimia betri uwe na fyuzi, na fyuzi hiyo ikae sentimita chache kutoka kwenye klipu ya betri, kwani kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.

Sasa stima ya nyumba. Volti 240 unazozijua si kilele. Kilele chake ni karibu 340 kila mzunguko, na radi au mota kubwa ikizimwa hupita mrundo wa maelfu ya volti kwa muda mfupi sana. Nyaya zinazouzwa kwa kazi hiyo zimejaribiwa kwa mrundo huo. Zina ganda la tabaka mbili, chuma chote cha plagi zake kimefunikwa, mpini una ukingo wa kuzuia kidole kisiteleze, na zile za CAT III na CAT IV, ambazo ni madaraja ya usalama wa kupimia stima, haziachi zaidi ya milimita 4 za ncha wazi. Hakuna kati ya hayo unayoweza kuyapima kibandani. Silikoni yako nzuri na mirija miwili si mbadala. Nunua seti iliyoandikwa CAT III na volti 600 au 1000, yenye alama ya IEC 61010-031, kiwango cha kimataifa cha usalama wa nyaya za kupimia, kutoka kwa muuzaji anayejulikana; kama hazipo Lamu, agiza kwa mtu anayekwenda Mombasa au kwenye maduka ya Luthuli Avenue Nairobi. Mita yenyewe nayo lazima iwe ya kiwango hicho, sivyo nyaya nzuri hazisaidii. Ziweke pembeni, zisitumike kwa kazi nyingine, na siku ukiona rangi tofauti imejitokeza chini ya ganda la juu, zikate uzitupe.

Kabla ya kila kipimo cha stima tazama waya mwekundu umechomekwa wapi. Ukiusahau kwenye soketi ya ampea ukagusa volti, umeweka shoti moja kwa moja kwenye stima, na kilichobaki kati yako na mlipuko ni fyuzi ya ndani ya mita. Kama fyuzi hiyo iliwahi kuungua na mtu akaweka kipande cha waya, mita hiyo usiiguse na stima tena mpaka iwekewe fyuzi ya aina ile ile iliyoandikwa ndani yake.

Kuna kazi nyingine za kumwachia mtu. Ubao wa stima wa nyumba ni wa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Inveta za sola zina kapasita zinazobaki na mamia ya volti hata baada ya kuzimwa; kama hujafundishwa kuzimaliza, mpelekee anayejua. Na kama ukishaweka nyaya mpya namba bado zinaruka, tikisa plagi ndani ya soketi ya mita. Ikiyumba, lehemu ya soketi imepasuka kwenye bodi yake ndani. Hiyo unaweza kuilehemu mwenyewe kwa mita ya kazi za mezani, lakini ile unayopimia stima ipeleke ikaguliwe au uibadilishe.

Nyaya zako ukimaliza kazi zifute, uziviringe kwa duara kubwa bila kuzikaza juu ya mita, na uziweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na simu mpya. Vikishalowa, weka vingine vikavu.